Familia Isiyo na Mkataba

Vijana hawadumu kazini. Ukikaa Singida mjini wiki moja utaisikia kauli hiyo kuliko hata bei ya gunia la alizeti. Huisema mwenye kiwanda cha kukamua mafuta, huisema meneja wa duka la jumla, huisema bosi wa taasisi ya mikopo aliyekuja kutoka Dar es Salaam kukagua tawi na kulala usiku mmoja. Kila mara hufuatwa na maelezo yaleyale: hawana uvumilivu, wanataka fedha za haraka, simu zimewaharibu akili, sisi tulianzia kufagia ofisi na kubeba mafaili, wao siku ya kwanza wanauliza mkataba uko wapi. Hilo la mwisho husemwa kwa mshangao mkubwa kuliko yote, kana kwamba kuulizia mkataba ni utovu wa adabu.

Naipinga kauli hiyo, na siipingi nusunusu. Waajiriwa wa rika hilo hawana ugomvi na kazi. Ugomvi wao ni na maeneo ya kazi yanayodai uaminifu ambao yenyewe hayana, na wamejifunza kuyapima kwa vitu vinavyoonekana: tarehe ya mshahara, karatasi ya mkataba, michango ya hifadhi ya jamii, na jinsi bosi anavyomsemesha mtu mbele ya wenzake. Yaliyoandikwa ukutani kuhusu dira na maadili ya kampuni hawayasomi sana. Wanajua nani aliyaandika, na alikuwa amewalipa miezi mingapi alipoyaandika.

Kwanza tumalizane na hilo neno vijana. Kizazi kinachosemwa, kile cha milenia, ni cha waliozaliwa kati ya mwaka 1981 na 1996. Mkubwa wao alitimiza miaka 44 mwaka 2025, mdogo wao 29. Kwa hesabu ya serikali ujana huishia miaka 35, kwa hiyo wengi wao wamekwisha kuuaga. Huyu mtu ana mtoto kidato cha pili, ana baba mgonjwa Ilongero, amenyanyua ukuta Mandewa ukasimama kwenye renta. Kazini ndiye msimamizi wa zamu, ndiye mhasibu, ndiye fundi ambaye mtambo ukigoma usiku anapigiwa simu yeye. Bado anaitwa kijana. Jina hilo lina faida kwa anayelitamka, maana kijana huambiwa asubiri, na kijana akidai chake huonekana ana haraka. Mtu wa miaka 44 aliyeomba kuandikiwa mkataba baada ya miaka mitatu ya kazi hana haraka yoyote. Amechelewa.

Halafu kuna hadithi ya zamani, ya kizazi chenye nidhamu kilichoinamisha kichwa na kuchapa kazi. Ningependa kujua kizazi hicho kiliishi lini. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza hapa Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wao Waafrika, na kwa sheria hiyo kuacha kazi kabla ya muda kulikuwa kosa la jinai. Hakuna anayetunga sheria ya kumfunga mtoro kama watu hawatoroki. Wazee wetu walioandikishwa manamba wakaenda kukata mkonge, au waliochimba Sekenke kule Iramba, mgodi ambao dhahabu yake Wajerumani waliitumia kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, hawakusifiwa uvumilivu na waajiri wao. Waliitwa wavivu. Walikuwa na mashamba yao na ng'ombe wao, na walikwenda kazini walipohitaji fedha ya kodi, wakarudi nyumbani walipoipata. Mzungu aliona uvivu pale ambapo mwenzake alikuwa amepiga hesabu.

Baada ya uhuru nako hakukuwa na kimya. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo husimuliwa sana kama funzo kwa vijana. Sehemu ya pili, mkubwa kuanza kujikata yeye mwenyewe, sijaisikia ikisimuliwa kwenye kikao cha menejimenti.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho wakakitumia. Mameneja wenye midomo michafu walifungiwa nje ya mageti ya viwanda vyao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mmiliki wakaendesha kiwanda wenyewe kwa muda. Waliofanya hayo ndio wazee wa leo wanaotuambia kwamba enzi zao bosi hakujibiwa. Alijibiwa, tena kwa kufuli. Huyu wa leo anayeandika barua ya kuacha kazi kwa heshima zote, akaweka na notisi ya siku 28, ni mpole kupita kiasi ukimlinganisha na baba yake.

Kwa hiyo tofauti ya vizazi haiko kwenye adabu. Iko kwenye kile walichoahidiwa na kile walichokiona kikitokea. Mzee aliyeajiriwa mwaka 1975 katika shirika la umma alikuwa na sababu ya kuvumilia bosi mbaya: nyumba ya shirika, matibabu, na kiinua mgongo mwisho wa safari. Uvumilivu wake ulikuwa mkopo aliomkopesha mwajiri, na aliamini utalipwa. Watoto wake walikuwa nyumbani wakiangalia marejesho. Waliona wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, wakiendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani Dar es Salaam hadi miaka ya 2000, wengine wakifa kabla ya kulipwa. Waliozaliwa Manyoni na Itigi, miji ambayo isingekuwapo bila Reli ya Kati, waliiona reli ikikabidhiwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, na mwaka uliofuata wafanyakazi wakagoma kwa sababu ya mishahara. Baba mwenye sare ya reli, ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimwamkia, akawa anakopa unga dukani.

Nao wenyewe walipoingia kazini mambo hayakubadilika sana. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Walioingia serikalini walikuta mwaka 2016 upandishaji vyeo umesimamishwa kupisha uhakiki. Kisha likaja suala la kikokotoo cha mafao ya uzeeni. Mwaka 2018 kanuni mpya ilitaka mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake. Kelele zikawa nyingi, Rais Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 serikali ikatangaza 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Sisemi kwamba kila badiliko lilikuwa baya. Mifuko ya hifadhi ya jamii ilikuwa na matatizo ya kweli. Nasema kwamba mtu aliyeona ahadi ya uzeeni ikibadilishwa mara zote hizo kabla hajafika miaka 45 ana haki ya kutaka chake kilipwe mwezi huu.

Njooni sasa kwenye kiwanda kimoja cha alizeti hapa mjini, ambacho sitakitaja. Ni msimu, magunia yamepangwa hadi karibu na dari, mtambo unanguruma kiasi kwamba watu wanazungumza kwa kusomana midomo, na harufu ya mashudu ya moto imeganda kwenye nguo. Kwenye kibanda cha mizani kuna karani, dada wa miaka 31, mwenye stashahada ya uhasibu. Mshahara wake unakatwa asilimia 10 ya NSSF kila mwezi. Imeandikwa kwenye hati ya malipo. Siku hiyo lori limechelewa, akafungua simu kuangalia taarifa za michango yake. Akamwita fundi aliyekuwa akipita na dumu.

"Kaka, hebu angalia ya kwako. Imeishia lini?"

Fundi akajifuta mafuta kwenye suruali, akaingiza namba zake. "Agosti."

"Ya mwaka jana?"

"Ya mwaka juzi."

Ya kwake dada iliishia Aprili ya mwaka jana. Wakaenda kwa afisa utumishi, naye akawajibu kwa upole kwamba wavumilie, biashara ikikaa sawa itapelekwa yote, na kwamba bosi ni mtu mzuri, si wanakumbuka alivyotoa gari kwenye msiba wa mwenzao? Wanakumbuka. Alitoa gari, na alitoa na mchele. Kwa sheria, mwajiri akishamkata mfanyakazi anapaswa kupeleka michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, pamoja na sehemu yake mwenyewe, jumla asilimia 20 ya mshahara. Ile 10 iliyokatwa ni fedha ya dada yule, imetoka kwenye jasho lake, na imebaki mfukoni mwa mtu mwingine kwa zaidi ya mwaka bila riba na bila yeye kuulizwa. Baada ya miezi miwili aliacha kazi. Mwenye kiwanda alipoulizwa kwa nini mizani ina sura mpya, unaijua kauli aliyoitoa.

Gari la msiba ni jambo kubwa, na simkejeli aliyelitoa. Singida mtu akifiwa jamaa zake wanataka kumrudisha kijijini kwao, na gari la kazini likijitokeza linasahaulisha mengi. Waajiri wetu wengi wana ukarimu wa namna hiyo, wa kweli, wa moyoni. Tatizo ni pale ukarimu unapowekwa mahali pa haki. Bosi anayetoa gari siku ya msiba na kukalia michango ya miezi 16 ametoa kidogo na kubaki na kingi, kisha anadai shukrani. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno wanalolisikia kwenye kila kikao: sisi hapa ni familia.

Familia gani? Kwenye familia mtoto hafukuzwi mavuno yakiwa mabaya. Baba hakai na chakula stoo akawaambia wanawe wavumilie. Kampuni inayojiita familia huchukua upande mmoja tu wa familia, ule wa kutohesabiana saa na kutodaiana, halafu ikifika wakati wa kupunguza watu inakumbuka ghafla kwamba ni biashara. Waajiriwa wa rika hili wameliona hilo, na wengi wao neno familia likitajwa kikaoni hutazamana tu. Ndugu wanao wa kutosha. Kazini wanataka mwajiri.

Mwajiri ana sheria yake, na si ngeni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004. Inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na haziwezi kuzidi tisa kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama anayejifungua ana siku 84, au 100 akipata pacha. Baba ana siku tatu, ambazo ni chache kwa maoni yangu, lakini hata hizo kuna ofisi huzitolea kicheko: wewe ndiye uliyezaa? Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi, na wakifika mbele ya sheria bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wa mwajiri. Sheria hii imetungwa na watu wa rika la wazee wetu, bungeni, wakiwa wamevaa suti. Anayetaka itekelezwe anaitwa mtu wa haraka.

Ukiuliza wafanyakazi wa miaka 30 na kitu wanauonaje utamaduni wa kampuni zao, kwanza hawatakujibu kwa maneno makubwa. Watakutajia mambo madogo. Watakwambia kwamba kikao cha Jumatatu huanza saa mbili kwa wafanyakazi na saa nne kwa bosi. Watakwambia kuhusu grupu la WhatsApp la kazini, ambalo ujumbe wa bosi huingia saa nne usiku, na ole wake ambaye hajaweka alama ya kidole gumba hadi asubuhi. Watakwambia nani alipandishwa na ni shemeji wa nani. Watakwambia kuhusu mfanyakazi bora wa Mei Mosi: jina husomwa uwanjani, zawadi hutolewa, picha hupigwa, na ofisi nzima inajua alichaguliwa kwa zamu au kwa kujipendekeza.

Mei Mosi ya mwaka 2025 kitaifa ilifanyika kwetu, Uwanja wa Bombadia. Fulana zilikuwa za kila rangi, na Rais Samia akatangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Vigelegele vilistahili. Ila wengi waliovaa fulana za kampuni binafsi siku ile walijua tangazo hilo haliwahusu, kwani sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, na kila sekta kiwango chake. Walipiga makofi kwa niaba ya shangazi zao walimu. Na fulana yenyewe, kuna mahali ilikatwa kwenye mshahara.

Hilo la kukatwa ndilo linaloniudhi kuliko mengine, na hapa niseme kuhusu maafisa mikopo. Hawa ni kundi kubwa la waajiriwa wa milenia katika mkoa huu: wana shahada au stashahada, wana pikipiki ya kampuni, na wana orodha ya vikundi vya akina mama kutoka Misuna hadi Ikungi. Jumatatu hadi Ijumaa wanafuatilia marejesho. Mama mmoja akishindwa kulipa kwa sababu vitunguu vimeshuka bei, yapo maeneo ambako fungu lile huhamia kwenye mshahara wa afisa. Sheria ile ile ya 2004 inasema mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka ithibitike kwamba mfanyakazi ndiye aliyesababisha hasara hiyo kwa kosa lake akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kushuka kwa bei ya vitunguu si kosa la afisa mikopo. Lakini kijana huyu, tuseme ana miaka 33, akikataa kusaini, anaambiwa hana moyo wa kazi. Akisaini, mwezi ujao anasaini tena. Akiacha, hakudumu.

Husemwa pia kwamba hawatulii kwa sababu kila mmoja ana mambo yake pembeni. Ni kweli wanayo. Karani ana kuku wa kienyeji 60 anaowalisha kabla ya kwenda kazini, mhudumu wa benki amekodi eka mbili Mtinko, fundi ana bodaboda aliyomkabidhi mdogo wake. Lakini katika mkoa huu ni lini mtu mzima aliwahi kuishi kwa mshahara mtupu? Mwalimu mkuu wa zamani alikuwa na alizeti, mganga alikuwa na mbuzi, karani wa mahakama alikuwa na ng'ombe kwa mjomba wake. Hakuna aliyewaita watu wenye tamaa. Waliitwa watu wenye akili. Mwajiri mwenyewe anayelalamika ana kiwanda, ana malori mawili, ana nyumba za kupangisha, na kesho kutwa anafungua kituo cha mafuta. Naye ana mambo pembeni, sema yeye haitwi mtovu wa uaminifu kwa kiwanda chake.

Tena shughuli hizo zina sababu inayotokana na viwanda vyenyewe. Alizeti huvunwa kuanzia Mei na Juni. Miezi inayofuata mitambo huzunguka usiku na mchana, na mbegu zikipungua inazimwa mmojammoja. Viwanda vingi vya Singida havipati mbegu ya kukamua mwaka mzima, na zikiisha wafanyakazi hupumzishwa bila malipo, wakaambiwa wataitwa. Mtu anayekaa nyumbani miezi mitano kusubiri kuitwa, kisha akaitwa Juni akakutwa ameshapata kazi kwenye ujenzi wa reli ya kisasa upande wa Manyoni, au kwenye mgodi wa dhahabu kule Ikungi, amemsaliti nani? Kampuni ndiyo iliyomwacha kwanza. Uaminifu wa mwaka mzima kwa mshahara wa nusu mwaka ni bei ambayo mwenye kiwanda asingekubali kuuziwa na muuza mbegu.

Nitakubali jambo moja, maana malumbano yasiyokubali lolote ni ubishi. Wapo wa rika hili wasiostahimili kusahihishwa. Ukimwambia hesabu haikufunga anakwenda kuweka kwenye simu maneno ya mafumbo kuhusu watu wenye roho mbaya. Wapo wanaoacha kazi kwa ujumbe mfupi, funguo za stoo wameondoka nazo. Nimewaona, na ningekuwa mwajiri ningechukia. Lakini wapo kila rika, na mzee aliyekuwa akijificha nyuma ya gazeti ofisini hadi saa tisa na nusu hakuwa mchapakazi kwa vile alikaa miaka 30. Kukaa siyo kufanya kazi. Tumekuwa tukihesabu miaka ya mtu kwenye kiti tukaiita uaminifu, na hatukuuliza alikuwa akifanya nini juu ya kiti hicho.

Hoja ya mwisho ya waajiri ndiyo nzito zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini kuliko nyingine: hatuna uwezo. Dar es Salaam wanaweza mambo ya mikataba na bima, hapa Singida biashara ni ya kubahatisha, mvua ikikosa tumekwisha. Naiheshimu kwa sababu ina ukweli. Mwenye mashine ndogo tatu za kukamua hawezi kulipa kama kampuni kubwa. Lakini mengi wanayoyataka hawa watu hayana gharama, au gharama yake imeshalipwa. Kuandika mkataba ni karatasi mbili. Kama kazi ni ya msimu, sheria inaruhusu mkataba wa kazi maalumu, unaoisha kazi hiyo inapoisha, bila kumdanganya mtu kwamba ameajiriwa moja kwa moja. Kumwambia ukweli Oktoba kwamba mbegu zitaisha Desemba hakuhitaji benki. Kupeleka michango iliyokwisha kukatwa hakuhitaji mtaji, kwani fedha hiyo haikuwa ya kampuni hata siku moja. Kutomtukana msimamizi wa zamu mbele ya vibarua anaowasimamia ni bure kabisa.

Na kuna hesabu ambayo mwenye mashine tatu hajaipiga. Fundi anayejua mtambo wake kwa kusikiliza mlio tu, akajua beringi ipi inakaribia kuchoka, ilimchukua misimu mitatu kumfundisha. Akiondoka Julai, katikati ya msimu, anayekuja badala yake atachoma mota moja kabla hajaujua mlio huo, na kuisuka mota upya kuna bei yake, na siku za kusubiri fundi kutoka Dodoma zina bei yake, huku magunia ya wakulima yakirundikana nje na wengine wakianza kuyapakia kupeleka kwa jirani. Mota ile na michango ya mwaka mzima ya fundi yule, nawaachia wenye viwanda wakae na wahasibu wao wazilinganishe. Wahasibu wenyewe wengi ni wa kizazi hichohicho. Wana majibu tayari, wamekuwa wakisubiri kuulizwa.